Siku Mbili za Kusikiliza

Hapo zamani, wala si zamani ya kale, ni zamani ya juzi hii yenye simu za kioo, alikuwapo mjini Tanga mtayarishaji wa filamu aitwaye Mwantumu. Alikuwa amemaliza kupiga picha za filamu yake ya harusi. Waigizaji walishakula, walishalipwa, walishaondoka. Ikabaki ile kazi asiyoiona mtazamaji: kukata picha, kusafisha sauti, kuweka muziki.

Akawaita wawili. Hizza, mkataji wa picha. Kilua, fundi wa sauti. Wakakaa na karatasi moja, wakapanga siku na fedha. Picha, siku kumi na mbili. Sauti na muziki, siku nane. Halafu siku mbili za mwisho wote watatu wakae studio, waitazame na kuisikiliza filamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Wakaafikiana, wakanywa chai.

Basi Hizza akaona harusi ni fupi, haimridhishi. Akaomba siku tatu zaidi, zikakatwa kwenye zile nane za Kilua. Ni siku tatu tu, alisema. Ratiba ikakatwa, wakanywa chai.

Mwantumu naye akaona ukumbi aliokodi wa kuonyeshea filamu siku ya Idi hauna viti vya maana vya wageni wa mbele. Akachukua fedha ya studio ya zile siku mbili za mwisho, akakodi makochi. Ni siku mbili tu, alisema. Ratiba ikakatwa, wakanywa chai.

Kilua akabaki na siku tano. Alijua hazitoshi, akanyamaza. Chai alikunywa vilevile.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mwili hunisisimka hadi leo.

Hizza ana mtindo wake. Hukata picha akiwa amezima sauti, huku redio yake inaimba taarabu, kwani anasema maneno humdanganya, nyuso hazimdanganyi. Ili kurefusha harusi, akachukua kipande kilichopigwa waigizaji wakipumzika. Tunu, aliyeigiza bibi harusi, anapakwa hina, huku anamnong'oneza mpakaji. Uso wake una huzuni ya kupendeza ajabu. Hizza akakitia kwenye filamu, akaandika katika orodha: hapa kimya, weka muziki. Hakujua kwamba maiki ilikuwa bado kifuani kwa Tunu, ndani ya gauni. Tunu aliambiwa aizime kila akipumzika, siku ile akasahau, ikanasa kila neno.

Kilua akaisoma orodha, akaweka fidla ya taratibu, akapita. Palipoandikwa kimya hakupasikiliza. Siku za kupasikiliza hakuwa nazo.

Alasiri ya Idi Pili ukumbi ukajaa. Kochi la mbele kabisa alikaa Mama Mbaruku, mama yake Tunu, mtu wa presha, aliyekuwa akiuliza kila Ijumaa kama mwanawe wa kwanza amepiga simu kutoka machimboni. Ikafika hina. Fidla ikalia. Na juu ya fidla, katika spika zote za ukumbi, ikatoka sauti ya Tunu:

"Mama hajui. Kaka Mbaruku tumeshamzika hukohuko machimboni, mwezi wa pili huu. Daktari kasema tusimwambie mpaka presha ishuke."

Picha ziliendelea kwenda. Mama Mbaruku akageuka nyuma taratibu, akatuuliza, "Mbaruku yupi?"

Mimi nilikuwa kochi la pili, nikatazama viatu vyangu. Naona aibu hadi leo.

Siku ya tatu yake, Mwantumu, Hizza na Kilua wakaenda kumtaka radhi. Wakamkuta Tunu kibarazani. Tangu siku ile mama yake hakumruhusu kuingia. Wakapiga hodi, na sauti ya mama ikatoka ndani:

"Pole ya kugawana siitaki. Mwanangu mmemtangaza ukumbini kabla sijamsomea hitima. Aingie mmoja, mwenye kosa lake. Wengine warudi makwao."

Wakatazamana.

Mwantumu akasema, "Mimi nilikata siku mbili, sikumkata mtu masikio. Kipande kakileta Hizza. Aingie yeye."

Hizza akasema, "Mimi niliona uso. Sauti ina mwenyewe, na mwenyewe kalipwa. Aingie Kilua."

Kilua akasema, "Niliandikiwa kimya, nikaamini. Siku zangu mlizila nyinyi wawili. Na aliyeacha maiki wazi ni Tunu."

Tunu akajifuta uso kwa ushungi. Akasema, "Maiki nilisahau, ni kweli. Siri niliificha ili mama asife. Nimfuate vipi, naye ananiona mimi ndiye niliyemnyima maiti yake?"

Mlango uko nusu wazi. Ndani mama ametandika mkeka, anasubiri mtu mmoja. Haya, nyinyi mnaonisikiliza, wao wanne wamesimama pale hawajui wafanyeje. Je, nani alistahili kuingia?