Flashi Tatu na Jicho la Bi. Anastazia

Kaeni mkao wa kusikia, na mwenye haraka ya kujibu aimeze kwanza mpaka nimalize. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara watu wameondoka wamenuniana. Hilo si kosa langu.

Walikuwepo mafundi watatu wa kompyuta katika hospitali moja huko milimani Mbinga, kwenye mashamba ya kahawa. Wote watatu walikuwa wanajitolea. Mnajua maana yake: ukifanya vizuri, wewe ni mwenzetu, ukiuliza habari ya ajira, wewe ni mgeni. Mwaka wa tatu ulikuwa unakatika hivyo hivyo.

Gervas Kapinga alijaliwa mkono wa kutengeneza programu. Alichokitengeneza Gervas, hata muuguzi ambaye hajawahi kushika kompyuta angekitumia bila kuuliza. Vitufe vyake vilikuwa vikubwa, maneno yake ya Kiswahili safi, na pembeni chini hakusahau kuandika jina lake.

Zubeda Mapunda alijaliwa kuujua mfumo endeshi, yule msimamizi wa kompyuta anayekaa katikati ya programu na vifaa. Programu haiongei na kifaa uso kwa uso. Huandika ombi, hulipitisha dirishani kwa msimamizi, naye ndiye anayejua nani ana ruhusa, nani angoje, na ombi liende wapi. Zubeda alizijua njia zote za ndani ya dirisha hilo.

Winfrida Ndunguru alijaliwa subira ya kusema na vifaa. Yeye aliandika viendeshi. Kiendeshi ni kipande cha programu kinachojua lugha ya kifaa kimoja tu. Msimamizi akishapokea ombi, hukipa kiendeshi, nacho hulitafsiri mpaka kifaa kielewe. Hakuna mtu aliyewahi kukiona kiendeshi. Printa ikichapa, watu huishukuru printa.

Huyu Winfrida ndiye nitakayekaa naye karibu, kwa sababu ndiye anayeniuma. Alikuwa na binti wa miaka sita, Editha, aliyekuwa akilelewa na wifi yake Songea tangu baba yake mtoto afariki. Kila alipokwenda kumwona, wifi alimwambia neno moja: "Ukipata ajira na nyumba, njoo umchukue. Kwa sasa utamlaza wapi, wifi yangu, kwenye benchi la wagonjwa?" Nyuma ya hospitali zilikuwepo nyumba za watumishi, na aliyeajiriwa alipewa moja. Winfrida alizipita kila asubuhi na kutazama madirisha yake.

Basi, hospitali ile ilipewa msaada wa kamera ya kupiga picha ndani ya jicho. Watu wengi wa kule wana kisukari, na kisukari hula macho kimya kimya. Mtu hajui mpaka giza limeingia. Kamera hiyo ingeonyesha damu inayovuja ndani ya jicho mapema, mgonjwa akatibiwa. Lakini ilikuja peke yake. Kiwanda kilichoiunda kilikuwa kimefungwa, hakuna programu, hakuna kiendeshi, hakuna hata kitabu. Ikakaa stoo ikivaa vumbi, na waliotoa msaada wakaendelea kutuma barua za kuuliza inaendeleaje.

Mafundi wetu wakaitoa stoo.

Winfrida alikaa na kamera ile miezi saba. Aliipelekea namba, akangoja, akaandika daftarini ilichojibu. Akabadilisha namba moja, akatuma tena. Siku nyingine iliwaka taa tu. Siku nyingine ilinyamaza kutwa. Daftari la nne lilipojaa, kiendeshi kikawa kimeijua lugha ya kamera neno kwa neno.

Zubeda alikuta kompyuta ya hospitali kuukuu, na mfumo wake endeshi umekatwakatwa na fundi wa zamani ili uwe mwepesi. Sehemu yote ya video ilikuwa imeng'olewa. Hapakuwa na dirisha la kupitishia ombi la picha wala nafasi ya kuziweka picha zikifika. Akaijenga upya. Akapanga sinia za kumbukumbu zizunguke: programu inatoa sinia tupu, kiendeshi kinaijaza picha, programu inaitazama na kuirudisha tupu, zisiishe wala zisigongane.

Gervas naye akaandika programu. Alikwenda kukaa na daktari wa macho wiki tatu, akajifunza daktari anatazama wapi kwanza na wapi baadaye, ndipo akaijenga ili picha ifunguke pale pale jicho la daktari linapotaka.

Siku ya kwanza kuunganisha, picha ilitokea imelala upande na imekatika mistari mistari. Gervas akapandwa na hasira.

"Kiendeshi chako kimenidanganya, Winfrida. Nimeomba picha kubwa, kimekubali."

"Hakikukubali. Kilikujibu kwamba ukubwa huo kamera haina, kitakupa unaokaribia. Ndiyo desturi ya viendeshi vya video. Wewe hukusoma jibu."

"Kikatae basi, nijue moja!"

"Hakikatai. Kinakwambia kinachowezekana, kazi yako ni kusikiliza."

Zubeda akawaangalia wote wawili kama anayeangalia watoto waliomwaga uji. "Ombi lilipita dirishani kwangu, na jibu likapita. Nimeyaona yote. Gervas, soma jibu kwanza, halafu ndipo uipange picha."

Akasoma. Ikachukua robo saa. Jicho likatokea pale kwenye kioo, jekundu, duara, na mishipa yake yote. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu. Daktari akaona damu imeanza kuvuja, akamtibu, na mwalimu yule anasoma gazeti mpaka leo. Hospitali nzima ikamjia Gervas kumpa mkono, kwa sababu jina lake lilikuwa pale chini ya picha. Gervas hakusema, "Tulikuwa watatu." Winfrida alisimama mlangoni akangoja aseme. Iliuma, jamani. Iliuma kuliko miezi saba yote.

Ndipo kikaja kibali cha ajira. Kimoja. Barua ilisema aajiriwe fundi aliyeifufua kamera ya macho, na kama jina halijajazwa ndani ya miezi miwili, kibali kirudi kilikotoka.

Mganga mfawidhi, Dokta Komba, alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki wakati mwingine ndio wanaotuponza. Akasema, "Tutapima. Kila mmoja aondoe sehemu yake, tuone ni ipi ambayo mashine haiwezi kuishi bila yake. Mwenye hiyo ndiye."

Gervas akahamishia programu yake kwenye flashi, akaifuta kwenye kompyuta. Kamera ikawaka taa, kiendeshi kikawa tayari, dirisha likawa wazi, lakini hapakuwa na wa kuomba. Kioo kikabaki cheusi.

Ikarudishwa. Zubeda akaondoa sehemu yake. Programu ikaomba, na ombi halikuwa na pa kupita. Kioo kikabaki cheusi.

Ikarudishwa. Winfrida akaondoa kiendeshi. Programu ikaandika: kamera haijapatikana. Kamera ilikuwa pale mezani, hatua moja, na kompyuta ikasema haipo. Kioo kikabaki cheusi.

Dokta Komba akajikuna kichwa. "Basi chukueni kila mtu chake, mkakae, mniletee jina moja mliloafikiana."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wala hakuna aliyemkusudia mwenzake ubaya. Dokta Komba hakujua kuuliza habari ya kubakiza nakala ndani ya kompyuta, na mafundi hawakumwambia. Kila mmoja alitoka pale na kazi yake yote ndani ya flashi moja, mfukoni mwake, na ndani ya kompyuta hakukubaki kitu. Walikutana mara mbili. Gervas alisema bila programu daktari haoni chochote. Zubeda alisema bila yeye wangekuwa na vipande viwili visivyojuana. Winfrida alisema kiendeshi ndicho pekee ambacho hakuna mwingine duniani anayeweza kukiandika, maana kitabu chake ni madaftari yake manne. Wote walisema kweli, ndiyo maana hawakuafikiana.

Na hakuna aliyerudisha chake. Kila mmoja alijiambia nikirudisha wa kwanza nitaonekana nimekubali kushindwa. Tena kila mmoja alikuwa na utetezi usio na ubishi: changu peke yake hakitoi picha hata nikirudisha. Winfrida alijiambia hivyo kila siku, akipita kwenye zile nyumba.

Wiki ya pili alikuwa koridoni, amechutama anatengeneza printa ya mapokezi. Koridoni hakukuwa na mtu mwingine. Akaja mama mmoja, Bi. Anastazia Hyera, mchuma kahawa, ametoka kijiji cha mbali kwa miguu, anapapasa ukuta.

"Mwanangu, samahani. Chumba cha kupigwa picha ya jicho ni kipi? Nimeambiwa hapa kuna mashine. Hili la kulia linaleta ukungu, na leo asubuhi nimeona kama nyuzi nyekundu."

Winfrida alijua nyuzi nyekundu ni nini. Alikuwa amekaa na daktari wa macho mara nyingi kiasi cha kujua. Flashi ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Angeweza kuinuka akawaita wenzake, akawaambia: mama huyu ana damu jichoni, rudisheni, tutagombana kesho. Gervas alikuwa chumba cha pili. Zubeda alikuwa anakunywa chai uani.

Akamfikiria Editha. Akafikiria kwamba Gervas ndiye angepewa mkono tena.

"Mashine haifanyi kazi, mama," akasema bila kuinua kichwa. "Rudi mwezi ujao."

"Haya, mwanangu. Mungu akubariki."

Alirudi mwezi uliofuata akiwa ameshikwa mkono na jirani yake. Jicho la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto nalo lilikuwa limeanza. Habari ikazunguka hospitali nzima kabla ya chai, na mchana ule ule mafundi watatu wakaingia chumba cha kamera, kila mmoja na flashi yake, wakarudisha bila kutazamana. Picha ikatoka. Daktari wa macho akasema la kushoto litapona. La kulia hakulitaja.

Kibali kilikuwa kimebakiza siku moja. Dokta Komba akawaita ofisini mafundi wote, na Bi. Anastazia akaketishwa kwenye kiti cha mbele, jicho moja limefungwa bandeji, jirani yake pembeni. Barua ilikuwa mezani, imepigwa muhuri, sehemu ya jina iko wazi.

"Mimi nimeshindwa," daktari akasema. "Nilitaka kupima haki, nikawapa silaha. Mama, wewe ndiye uliyeumia kwa ubishi huu. Sehemu zao ni sawa na kosa lao ni sawa. Sema jina, nitaliandika."

Bi. Anastazia akamgeukia daktari.

"Nitawachaguaje, daktari, na siwajui? Kwamba sehemu ya mtu mmoja peke yake haitoshi, hilo nimeelewa, hata mimi siwezi kuchuma shamba peke yangu. Nataka kujua kitu kimoja. Siku ile niliyokuja mara ya kwanza, nani kati yao alijua kwamba nipo?"

Gervas akatazama meza. Zubeda akaurekebisha ushungi wake, akaurekebisha tena. Kama walijua, kama walimsikia kupitia dirishani, kama hawakuwa na habari, mimi siwezi kuwaambia, maana wao hawakusema ndiyo wala hapana.

Winfrida akahesabu haraka. Koridoni hapakuwa na mtu. Yeye hakuinua kichwa, na mama yule hakuwa akiona vizuri. Akinyamaza, watakuwa watatu walio sawa, na kwenye watatu walio sawa jina lake lina nafasi kama la mwingine. Akisema, ni mmoja tu atakayekuwa na jina la aliyejua.

"Mimi nilijua," akasema. "Ulinikuta natengeneza printa. Uliniambia umeona nyuzi nyekundu, na nilijua maana yake. Kiendeshi kilikuwa mfukoni mwangu."

Bi. Anastazia akageuza uso polepole kuifuata sauti.

"Uliniambia nirudi mwezi ujao," akasema. "Nimerudi."

Jirani yake akamshika mkono, wakatoka.

Sasa daktari ameshika kalamu, na kesho kibali kinarudi. Nikimaliza hapa, kuna atakayesema apewe Gervas, kwa sababu ndiye aliyefanya picha isomeke na hakuna shahidi wa kusema alijua. Kuna atakayesema apewe Zubeda, kwa sababu ndiye aliyewaunganisha wawili hawa wasioweza kusikilizana. Kuna atakayesema Winfrida ameshajinyima mwenyewe kwa mdomo wake. Na mwingine atasema ofisi nzima ile ilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwachia mashine ya macho ya watu, naye ni yule aliyesema. Na kuna mkali mmoja, yupo kila ninaposimulia, atakayesema barua ichanwe, wote watatu waendelee kujitolea mpaka mvi ziwaote, na wagonjwa wakutane na kamera isiyo na fundi wa kudumu.

Msinitazame mimi. Mezani kuna barua, ina nafasi ya jina moja. Je, wewe ungeamua vipi, na jina hilo ungeweza kumsomea Bi. Anastazia kwa sauti?