Mwarobaini wa Mize na Zimwi la Adhuhuri

Paukwa!

Pakawa!

Jua!

La utosi!

Haya, sogeeni. Mwenye moyo mwepesi amshike mwenzake.

Hapo kale palikuwa na mji, na katika mji huo Zimwi lilitembea adhuhuri. Lilimla kila liliyemkuta juani, lakini kivulini halikuthubutu kukanyaga. Basi watu wakapanda miarobaini toka sokoni hadi msikitini, kila nyumba mti wake, kivuli kikashikana na kivuli. Na kumwagilia mti wa jirani ilikuwa aibu, maana ni kumwita mwenzio mvivu.

Palikuwa na mshonaji, jina lake Mize, kazi zimemzidi. Jirani yake, Bi Nunu, akamwambia, "Mwanangu, mti wako unanyauka."

"Kesho, Bi Nunu."

Siku ya pili: "Mwanangu, majani yanapukutika."

"Kesho, Bi Nunu."

Siku ya tatu: "Mwanangu, umebaki kijiti!"

"Kesho, Bi Nunu."

Bi Nunu alikuwa na ndoo ya maji mkononi, imejaa. Akaona haya, akarudi nayo kwake.

Siku moja adhuhuri, Riziki, binti wa Mize, akatoka chuoni kusoma Kurani. Akafika chini ya mti wa jirani. Mbele yake jua tupu, hatua ishirini, kisha mlango wa kwao. Na katikati ya jua Zimwi limekaa kitako.

"Nani kanifungulia njia?" likacheka.

Riziki akalikumbatia shina, asiweze kwenda mbele wala kurudi. Zimwi likaupulizia pumzi ya moto mti uliomkinga. Fuu! Majani yakaanguka.

"Mama, nije?"

"Usije!" akapaza sauti Mize toka mlangoni.

Fuu!

"Mama, nije?"

"Usije, mwanangu!"

Fuu! Likabaki tawi moja.

"Mama..."

Kwa woga wake wote Mize akanyakua kanga. Akajitanda, akatoka. Zimwi likapuliza, kanga ikapeperuka, akarudi ndani anapiga kelele. "Jamani, nisaidieni! Analiwa mwanangu!"

Basi milango ikafunguka. Bi Nunu na kanga yake, huyu na shuka, yule na mkeka. Wakashikanisha ncha kwa ncha, wenyewe chini yake, Zimwi linawaunguza vidole. Hawakuachia. Riziki akapita chini ya mikono yao hadi kifuani kwa mama yake.

"Mti haukui kwa siku moja," likasema Zimwi. "Kesho nipo."

Saa ile ile wakapanda mche pale ulipokufa mti wa Mize. Na miaka saba, mpaka mche ukatoa kivuli, kila adhuhuri Mize akasimama pale ameshika kanga kuwakinga wapita njia, Zimwi limechutama hatua moja mbele yake.

"Mize, umechoka?"

Mize akaikaza kanga. Aliogopa kila siku kama siku ya kwanza. Bi Nunu alishika ncha ya pili mpaka alipofariki. Siku ya pili yake, Riziki akaishika.

Hadithi yangu imeishia hapo, na woga wangu pia. Mti wa mtaani ukinyauka mbele yako, umwagilie, hata kama si wako, wala usione haya.