Mangi Aliyetafuta Chembe Mbili Zinazofanana

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa baridi.

Baridi ya wapi?

— Ya Kibo, ing'atayo bila meno.

Basi sogeeni. Mikono iendelee kupukuchua mahindi, masikio niachieni mimi.

Kwanza nitubu, maana ngano hii siwezi kuisimulia na kinywa kichafu. Miaka ile nilipokuwa nafundisha shule ya Jumapili, nilikuwa na mapacha wawili, Elifuraha na Elihuruma. Siku ya sikukuu ya mavuno mmoja wao akala ndizi za sadaka, zilizopangwa mbele ya madhabahu kabisa. Nikamkamata niliyemfikia kwanza, nikamchapa fimbo tatu. Akaniambia, mwalimu, si mimi. Nikamjibu, wewe au yeye, si walewale tu? Kabla jua halijazama nikajua nimemchapa asiye na kosa. Nikanyamaza. Mungu nimemwambia, mara nyingi, kwa magoti haya haya yanayoniuma. Elifuraha mwenyewe sijamwambia.

Haya, hiyo mmeisikia. Sasa ngano.

Ilikuwa haikuwa, ikawa. Hapo kale, wazee wetu walipokuwa wakivaa ngozi na kumwita Mungu Ruwa, alikuwapo Mangi mmoja, yaani mtawala, chini ya mlima huu. Jina lake Kishongu. Alikuwa mkubwa, alikuwa mkali, alikuwa mwepesi wa kukasirika. Mwaka mmoja wa ukame akaamuru mfongo uzibwe, ule mfereji unaoteremsha maji kwa watu wa ng'ambo ya kijito. Ukazibwa. Migomba ya ng'ambo ikanyauka, ng'ombe wakalia, watoto wakalia. Mangi wa ng'ambo akatuma neno: fungua mfongo, tena nipe mtoto mmoja wa watu wako nimlee kwangu, ili usirudie. Usiponipa, tutakutana kwa mikuki.

Kishongu akaufungua mfongo siku hiyo hiyo. Ikabaki habari ya mtoto. Mtoto wa nani? Nani atatoa wake?

Sasa palikuwa na mjane anaitwa Mkunde. Alikuwa na binti wawili wa miaka saba, mapacha, Aikande na Ndealilia. Macho yale yale, mapengo yale yale, sauti ile ile. Mchili wa Mangi, yaani mjumbe wake, alikuwa bwana mmoja wa tumbo kubwa anaitwa Lekule. Akafika uani kwa Mkunde, akakohoa.

"Mama," akasema, "nyumba nyingine zina mtoto mmojammoja. Kwako wako wawili, wanafanana kama maharage. Mkuu akichukua mmoja, wewe unabaki na huyo huyo."

Wangapi hapa wameshawahi kuambiwa maneno ya hivyo? Ndiyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mkunde akainuka. Alikwenda mpakani mwa kihamba chake, lile shamba la nyumbani, akakata jani la isale. Nanyi isale mnaijua: mtu akikuletea jani lile anaomba, awe adui, awe nani, huwezi kumgeuzia mgongo. Akalishika kwa mikono miwili mpaka kwa Mangi.

Lakini njiani alikuwa anaogopa. Mnajua kwa nini? Mkunde alikuwa na siri. Wale watoto walipozaliwa, Mkunde alimfunga Aikande uzi mguuni amtambue. Siku moja akiwaogesha, uzi ukakatika ukaenda na maji. Tangu siku ile hakuwa na hakika ni yupi alimwita Aikande kwanza. Alikisia tu. Miaka saba alikuwa anakisia, na hakumwambia mtu. Sasa anakwenda kuapa mbele ya Mangi kwamba hawafanani, na akiulizwa atashindwa.

Akafika, akapiga magoti, akatoa jani. Kishongu akalipokea, maana hana budi. Mkunde akasema kwamba Ruwa haumbi kitu kimoja mara mbili. Watoto wake ni watu wawili, si mtu mmoja na akiba yake. Hata vidole vya mkono havilingani.

Mangi akacheka. Akanyosha kidole kwenye Kibo.

"Vidole ni kumi, hiyo ni kazi ya siku moja. Utazame ule unga mweupe kule juu. Nani ana nafasi ya kuchonga chembe mojamoja? Unga ni unga." Akafikiri kidogo, akaona ameupata mchezo. "Jani lako nimelipokea, basi sikilize. Nikipata chembe mbili zinazofanana, nachukua binti mmoja. Nikizikosa, simgusi."

Mkunde akakubali. Angefanya nini?

Mara ya kwanza Mangi akamtuma Lekule na kibuyu. Lekule akapanda, akajaza, akaziba mdomo kwa jani la mgomba, akashuka anaimba. Kuzibua: maji.

Mara ya pili akatumwa na mzinga wa nyuki, mnene, umefungwa ngozi juu na chini. Akapanda, akajaza, akashuka haimbi. Kuzibua: maji. Msicheke sana. Nani kati yetu alikuwa ameshawahi kubeba theluji? Lekule aliona aibu. Akadondosha matone mawili juu ya jani, akaapa kwamba haya hapa, mkuu, mbili, sawasawa. Mangi akainama, akatikisa kichwa kama anayeridhika.

Hapo Mkunde akasema, "Mkuu, kila kitu kikishayeyushwa kinafanana. Wewe ulisema chembe."

Watu wakaguna. Ni kweli alisema chembe.

Mara ya tatu Kishongu akaamua kwenda mwenyewe. Tena akamchukua Lekule, akaagiza mapacha na mama yao waje pamoja naye, ili akizipata tu, mmoja apelekwe ng'ambo moja kwa moja, asirudi nyumbani hata kuaga.

Wakapita migomba. Wakapita msitu. Wakapita mahali ambapo majani ni magumu na hakuna hata ndege. Watoto wakiwa wamefunikwa ngozi za kondoo weusi gubigubi, wanaimba, nanyi imbeni nami:

*Nyeupe, nyeupe, shuka nikuone,*
*una ndugu, huna ndugu?*
*Na kama unaye, mama yenu nani?*

Tena. Kwa nguvu, Witnes, usiimbe kama uko kwenye mazishi.

Siku ya tatu, asubuhi, jua limetoka na wingu limeshuka, theluji ikaanza kuanguka. Taratibu. Haikuanguka kama mvua, wala kama majivu. Ikatua juu ya zile ngozi nyeusi. Na hapo, wanangu, hapo ndipo wote walipoinama kwa mara ya kwanza wakatazama.

Walidhani ni unga. Kumbe si unga. Kila chembe ilikuwa na ncha sita. Hii kama majani ya kangaga yaliyopangwa duara. Ile kama ushanga wa bibi harusi. Nyingine kama nyayo za ndege zilizokutana kisigino kwa kisigino. Ndogo kuliko punje ya ulezi, na zimechongwa mpaka kwenye ncha. Mkunde akasahau baridi. Lekule akasahau tumbo lake, akalala chini kifudifudi. Kishongu akapiga magoti, yeye ambaye watu ndio waliompigia magoti, akawa anatambaa kuizunguka ngozi kama mtoto anayetafuta panzi. Hii, tazama hii. Na hii je? Ngoja, ngoja, na hii.

Mara akaziona mbili. Zinafanana. Akafungua kinywa, "Hizi ha—" Pumzi yake ikazigusa. Zikawa maji.

Akatafuta tena. Akaona mbili, akazilinganisha ncha kwa ncha, akajizuia mpaka mashavu yakajaa kama chura. Lakini atasemaje bila kupumua? "Hizi—" Maji.

Mara ya tatu akawa mjanja. Akaziba kinywa kwa kiganja, akanyosha kidole kimyakimya, akamwashiria Lekule aje awe shahidi. Lekule akasogea, naye kashika pua. Akatazama. Akatazama sana. Huyu ndiye aliyeapa kwa matone ya maji, mnamkumbuka?

Lekule akajitenga pembeni ili apumue, na furaha ikaushinda uongo wake.

"Mkuu, hapana," akasema. "Hii ya kushoto ncha yake moja ina kijitawi, kidogo hivi. Ile haina. Mkuu, hazifanani, njoo uone."

Kishongu akainuka. Ndevu zimejaa theluji. Alikuwa anataka kucheka na alikuwa anataka kukasirika, akachagua kukasirika, maana ndiko alikokuzoea. Akasema haijaisha. Mlima ni mpana. Upande wa pili huenda zipo mbili.

"Huenda," akasema Mkunde. "Mimi sijui. Sijazitazama zote."

"Hujui." Mangi akamgeukia. "Basi nikuulize unalolijua. Hao wako mbele yako, wamefunikwa. Aikande ni yupi?"

Swali lenyewe ndilo hilo.

Mkunde alitazama zile ngozi mbili nyeusi. Angeweza kukisia. Alikuwa amekisia miaka saba, na hakuna ambaye angejua. Lakini mahali pale, juu karibu na mbingu vile, ulimi wake ulikataa.

"Mkuu, sijui," akasema. "Nilimfunga mmoja uzi, uzi ukakatika. Nimewaficha watu, nimewaficha hata wao. Sijui ni yupi niliyemwita Aikande kwanza. Ruwa anisamehe, na wanangu wanisamehe."

Lekule akainamisha kichwa. Mangi akaanza kutabasamu, maana ameshashinda, sivyo?

"Lakini sijamaliza," akasema Mkunde. "Usiwatazame sura. Watazame kama ulivyozitazama chembe."

Kwanza Kishongu hakutaka. Kisha akatazama, kwa sababu asubuhi nzima macho yake yalikuwa yamejifunza kutazama. Chembe ikatua kwenye mkono wa mtoto wa kwanza. Pale pale akailamba. Akangoja nyingine, akailamba, anacheka na mapengo yake. Chembe ikatua kwenye mkono wa mtoto wa pili. Huyu akaikinga upepo kwa kiganja, akageuza uso pembeni ili asiipumulie, akangoja mpaka ikaisha yenyewe, kisha akaifuta polepole kama anayemfuta mtu machozi.

Mangi akawaangalia hao wawili muda mrefu. Mmoja mlaji, mmoja mlinzi.

Mkunde akasogea karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Mkuu, tuseme unazipata hizo mbili zinazofanana. Utaitupa ipi?"

Kishongu akaitazama ngozi nyeusi. Chembe zilikuwa zinaendelea kutua. Akaanza kunyosha kidole kwenye moja, akakirudisha. Akanyosha kwa nyingine, akakirudisha. Hakuweza. Wallahi, tunavyosimuliwa, Mangi mwenye mikuki mia alishindwa kutupa chembe moja ya theluji.

Akachuchumaa mbele ya watoto, akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu avae ngozi ya umangi. Akamuuliza mtu jina lake.

"Mimi Ndealilia," akasema yule mlaji.

"Mimi Aikande," akasema mlinzi. "Na wewe babu?"

"Kishongu," akajibu, taratibu, kama anayejaribu kukumbuka.

Walishuka. Wakapita majani magumu, wakapita msitu, wakafika kwenye migomba. Watu walikuwa wamepanga mstari kuona ni mtoto gani amechukuliwa. Wakahesabu: mmoja, wawili. Mangi hakuwaeleza kitu. Alikwenda mpakani, akakata jani la isale kwa kisu chake mwenyewe. Wakataka kumpa mtu wa kulipeleka ng'ambo. Akakataa. Lekule akajitolea. Akakataa. Akasema mfongo aliuziba yeye, wala si Mkunde, wala si mtoto wa mtu.

Akavuka kijito peke yake, bila mkuki. Na yule Mangi wa ng'ambo, alipoona jani, naye angefanya nini? Alilipokea. Maji yakaenda. Migomba ikarudi kijani. Na maji yale, kila akiyanywa, Kishongu alikuwa anayatazama kwanza kwenye kata, muda mrefu, mpaka wake zake wakadhani ana wazimu.

Mtaniuliza, bibi, basi ni kweli hakuna chembe mbili zinazofanana? Sijui. Mimi nimeishia darasa la saba. Mwenye kuzihesabu ni Mungu, nami simkadirii. Ninachokijua ni kwamba anayesema zinafanana, mara nyingi hajainama.

Ngano yangu ilianza juu kama theluji, imeshuka imekuwa maji. Mwenye kiu anywe, aliyeshiba amwagilie mgomba.

— Tumekunywa.

Witnes, wewe baki kidogo. Ile isale iliyo karibu na zizi, nimeshakata jani moja, nimeliweka ndani ya Biblia. Elifuraha siku hizi anakaa kule chini, baada ya daraja la mti, na lile daraja linateleza. Siwezi kutuma mtu, umesikia mwenyewe habari ya Mangi. Kesho tukitoka ibadani, nishike mkono univushe.