Wajina wa Bwana Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Barabara je?

— Ya kupita!

Ya nani?

— Tutajie wewe!

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye muwa, tafuna polepole, unanikatiza.

Hapo zamani, katika Kata ya Mawemawe, palikuwa na njia moja tu ya kuteremka kutoka mlimani hadi mtoni. Na njia gani! Mashimo, miiba, nyasi za kukuficha masikio. Bi Pimbi, kamnyama kadogo kasiko na mkia, aliteremka nayo kila siku na wanawe kwenda kunywa. Kiangazi kile chemchemi ya mlimani ilikuwa imekauka kau. Bila mto, watoto wale wangekufa kwa kiu.

Siku moja baraza la kata likaketi kuipa njia ile jina. Mzee Kobe, mwenyekiti, hajamaliza hata kusafisha koo, ndi! ndi! ndi! Bwana Kiboko huyo, tumbo mbele.

"Iitwe Barabara ya Kiboko," akasema. "Na ikishapata jina langu, ni yangu. Hapiti mtu, hanywi mtu, mpaka nitake mimi."

Lo! Swala akatazama kwato zake. Nyani akajikuna pasipowasha. Nani ampinge Kiboko, na mdomo ule? Bi Pimbi akawafikiria wanawe na ndimi zao kavu. Kisha akaruka juu ya jiwe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja!"

Wenzake wakamtolea macho. Mama huyu ana wazimu?

"Tena tumechelewa," akaendelea. "Ila, Bwana Kiboko, jina halitolewi kavukavu. Mtoto akipewa jina lako, si anakuwa wajina wako? Na wajina si hulelewa? Hunyolewa, huuguzwa, huvishwa. Au wewe, bwana mkubwa mzima, utamtupa wajina wako watu wakucheke?"

Kiboko akavimba. "Anicheke nani? Nitamlea kuliko wajina wote wa nchi hii!"

"Na mtoto hafungiwi ndani, bwana. Majirani lazima waje kumwona."

"Waje wote! Waone mtoto wa mkubwa!"

Mzee Kobe akagonga meza. "Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyoooo!"

"Wasioafiki?"

Hata nzi hakusikika. Ndiyo wameshinda.

Kesho yake alfajiri Bi Pimbi akajibana mwambani, akapiga ukelele: "Waaaa! Waa-waa-waaaa!" Na pimbi akilia, jamani, hata aliyekufa atageuka upande wa pili.

Kiboko akatoa pua majini. "Nini hicho?"

"Wajina wako analia, bwana. Nywele zimemzidi."

Kiboko akatoka. Akafyeka nyasi, fye! fye! fye! Jua likamwakia mgongoni.

Kesho yake tena: "Waaaa! Waa-waa-waaaa!"

"Nini tena?"

"Wajina wako analia, bwana. Ana vidonda."

Kiboko akatoka. Akajaza mashimo udongo, akashindilia kwa makalio, pu! pu! pu! Majirani wakapita kwenda mtoni. "Hongera, baba! Mtoto amekufanana, hasa upana!" Wakarudi ndevu zinachuruzika maji. Kiboko akatabasamu, lakini ngozi imeanza kubambuka.

Kesho yake tena: "Waaaa! Waa-waa-waaaa!"

"Sasa ana nini huyu mtoto?"

"Yuko uchi, bwana. Na wageni ndio hao wanakuja."

Masikini Kiboko! Akatoka. Akamvisha changarawe kutoka mlimani mpaka mtoni, akihema hoo, hoo, hoo, jasho jekundu likimtiririka. Akimaliza huku, kule mtoto analia. Akilala, mtoto analia. Akila, mtoto analia.

Mwishowe akaenda barazani mbio. "Mwenyekiti, nifutieni jina! Mgongo hauna ngozi, macho hayana usingizi. Mtoto huyu hakui!"

"Lazima apatikane wa kumpokea," akasema Mzee Kobe. "Simba, iitwe kwa jina lako?"

Simba akakohoa. Ana mafua.

"Tembo?"

Tembo mguu unamuuma, tangu jana.

"Bi Pimbi?"

"Mimi, Mwenyekiti? Kajina kangu kafupi, barabara itabaki tumbo wazi."

"Basi iitwe Njia tu, apite kila mwenye miguu. Wanaoafiki?"

"Ndiyoooo!" Na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Kiboko.

Jioni ile watoto wa Bi Pimbi walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma, mama yao akicheka peke yake. Na Kiboko tangu hapo mchana hatoki majini. Akisikia pimbi analia mlimani, chubwi! Anazama mpaka masikio.

Na funzo lake, watoto? Wakubwa hawapingwi! Mkubwa akitaka jina, mpeni, na vigelegele mumpigie.

Hadithi yangu imefika mtoni. Ikiwa tamu, inyweni. Ikiwa chungu, niachieni, nitaimeza mwenyewe.