Jina Moja kwenye Simu ya Atupele

Kaeni vizuri, na mwenye simu aigeuze kifudifudi. Hadithi hii inatoka humo humo ndani ya simu, na sitaki ishindane na nyingine.

Walikuwepo mafundi watatu wa magari, kila mmoja na kipaji chake.

Mgaya wa Njombe alikuwa na sikio. Mgongo ulikuwa umemchosha, hainami tena chini ya gari, siku nzima yuko kwenye kiti mlangoni pa gereji yake. Lakini gari likipita barabarani, atakwambia linaumwa nini kabla halijakata kona.

Evaristo wa Makambako alikuwa na kumbukumbu ya vipuri. Muulize taa ya nyuma ya gari lolote la zamani, atakuelekeza iko uani kwa nani, chini ya turubai lipi, na mwenye ua huwa na hasira asubuhi au jioni. Mkewe hulalamika kwamba kichwa hicho hicho hakikumbuki alichotumwa sokoni.

Ambakisye, mwenye kibanda kando ya barabara kati ya miji hiyo miwili, alikuwa na mikono. Vidole vyake viliingia pale ambapo spana haipiti, na alifungua nati huku anatazama pembeni na kubishana habari za mpira.

Watatu hawa hawakuwa marafiki. Walijuana kwa majina tu, kwenye soko la mtandaoni liitwalo FundiWapi. Ukiharibikiwa na gari, unaandika humo shida yako, mafundi wanataja bei zao, wewe unachagua. Kazi ikiisha unathibitisha jina la fundi, naye anapata nyota. Na soko hilo lina sheria moja isiyo na huruma: fundi anayemaliza mwezi bila nyota hata moja anafutwa, yeye na nyota zake zote za nyuma. Siku hizi fundi asiyeonekana kwenye simu ni kama amefunga gereji.

Mwezi ule wa Juni ulikuwa mbaya. Watu walishushiana bei mpaka kazi zikaenda kwa vijana wa mjini wanaofanya bure ili wajulikane. Siku ya mwisho ikafika, na katika watatu wetu hakuna aliyekuwa na nyota. Soko lingefunga saa kumi na mbili jioni. Tangu asubuhi kila mmoja alikuwa ameikodolea macho simu yake, anaomba Mungu gari la mtu liharibike. Msiwacheke. Mwenye njaa hana miiko.

Gari likaharibika.

Lilikuwa Noah ya zamani ya mwanamke aitwaye Atupele. Ndani alibeba maboksi ya vifaranga wa siku moja, amewachukua Iringa, anawapeleka kwake Njombe. Aliuza cherehani yake ili awapate, na hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Aliyemkabidhi alimwonya: “Wakilia, wana baridi. Wakinyamaza, fungua uangalie haraka. Kifaranga aliyenyamaza ama amelala kwa joto, ama anakufa.”

Sasa, Noah ya aina ile injini yake iko chini ya viti vya mbele, na joto lake hupanda ndani ya gari kama jiko. Alipoipita Makambako injini ikaanza kupiga kelele za kukwaruza, na mshale wa joto ukapanda kuelekea kwenye nyekundu. Mtu mwingine angesimama. Atupele alifurahi. Ndani kulizidi kupata joto, vifaranga wakatulia, naye akaendelea kukanyaga mafuta huku anamshukuru Mungu. Mpaka aliposikia harufu ya mpira unaoungua.

Akaegesha pembeni, injini akaiacha inanguruma kwa ajili ya joto. Nje upepo wa Njombe, na nyie mnaoujua mnajua; alipofungua mlango tu, vifaranga wakaanza kulia. Akaandika kwenye FundiWapi: “Naomba msaada, nina vifaranga.” Akasahau kutaja hata aina ya gari. Maombi matatu yakaingia papo hapo. Kwa kazi ya dharura, sheria inamruhusu mwenye gari kuzungumza na mafundi wote walioomba. Jina la kuthibitisha ndilo moja tu.

Mgaya hakutaja bei. Aliandika: “Nirekodie sauti ya injini.”

Atupele akamtumia. Jibu likarudi: “Mwanangu, hao ni vifaranga. Nataka injini.”

Akainua kiti cha mbele, akaisogeza simu karibu. Mgaya akafunga mlango wa gereji, akasikiliza amefumba macho, kisha akapiga.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Zima gari.”

“Nikizima watakufa kwa baridi, baba.”

“Usipozima inakufa injini, halafu wanakufa na wao. Zima, mwanangu.”

Atupele akazima, na moyo wake ukazimika pamoja na gari. Mgaya akamweleza kwamba mkanda wa injini umeshaanza kukatika, lakini mkanda hauna kosa. Beringi ya puli, kile kigurudumu kinachozungusha mkanda, imekwama, nayo ndiyo inayoutafuna. Akifungiwa mkanda mpya peke yake, utakatika kabla hajaumaliza mlima wa mbele. Kisha akamwambia ayaandike hayo, pamoja na aina ya gari, mahali ambapo mafundi wote watayaona. Yaani kile alichokuja kuuza alikigawa bure, mbele ya washindani wake, siku ya mwisho ya mwezi.

Evaristo akasoma. Akapita kichwani duka kwa duka, ua kwa ua, Makambako nzima. Puli ya Noah ile haikuwepo. Ilikuwepo moja tu, na alijua iko wapi vizuri kuliko alivyotaka kujua: kwenye Noah yake mwenyewe, ambayo kesho yake ingempeleka binti yake shule ya bweni.

“Unafungua nini huko?” mkewe akamuuliza kutoka jikoni.

“Kipuri cha mtu.”

“Mtu gani? Hilo si gari letu?”

Evaristo akaendelea kulegeza nati. Aliitoa puli, akaifunga kwenye gazeti, akampa wa bodaboda. Na wa bodaboda msianze kumdaia nyota. Alilipwa nauli yake akaridhika, tusizidishe watu.

Ambakisye alikuwa wa kwanza kufika, kwa baiskeli, mkanda mpya umening'inia shingoni. Akamkuta Atupele amevua sweta, amefungua khanga zake zote, amefunika maboksi na kuyalalia kifua. Vifaranga walilia kwa sauti moja kali isiyopumzika. Ambakisye akainua kiti. Joto likampiga usoni. Fundi mwenye akili husubiri injini ipoe, naye alikuwa na akili, akakaa chini kusubiri.

“Fundi,” Atupele akasema, “boksi la nyuma limenyamaza, na nikilifungua kwenye upepo huu nitawamaliza.”

Wakasikiliza wote wawili. Kweli lilikuwa limenyamaza. Ambakisye akasimama, akakunja shati, akaingiza mkono mzima kwenye ile injini ya moto. Alitaka puli mbovu iwe imeshatoka wakati nzima inafika. Safari hii hakuzungumza habari za mpira. Alipoutoa mkono, ngozi ilikuwa imechunika kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko.

“Umeungua, fundi.”

“Puli imetoka,” akasema.

Bodaboda ikafika. Puli ya Evaristo ikaingia, mkanda ukakaa, wakaongeza maji, Atupele akawasha. Ile kelele ya kukwaruza haikuwepo tena. Joto likaanza kupanda polepole, polepole mno kwa mtu anayelisubiri.

Malipo hayakuwa tatizo, yaligawanywa pale pale na kila mtu akapata chake. Nyota haigawanyiki. Kwenye simu ya Atupele palikuwa na majina matatu, na swali: Nani amefanya kazi hii? Saa kumi na mbili ilikuwa inakaribia. Mbele yake ni bonde, na ukishuka bonde lile mtandao unakatika. Asipothibitisha jina, kazi inahesabiwa haikufanyika, na wote watatu wanafutwa. Athibitishe hapo hapo, au asithibitishe kabisa.

Akawapigia Mgaya na Evaristo kwa pamoja, akaweka sauti ya juu.

“Bila sikio langu,” Mgaya akasema, “hao wangekufungia mkanda wakakutakia safari njema. Saa hizi ungekuwa mlimani, injini imepasuka.”

“Na bila puli yangu, mzee,” akasema Evaristo, “hilo sikio lingebaki linasikiliza vilio vya vifaranga. Gari langu liko juu ya mawe. Binti yangu kesho sijui anakwendaje.”

Atupele akamgeukia Ambakisye, aliyekuwa anaupulizia mkono wake.

“Na wewe, fundi, huna la kusema?”

“Nikisema nitaonekana nadai kwa kidonda.”

Kisha Mgaya akasema taratibu, “Mwanangu, miaka yote nimeishi kwa mikono. Mikono imekwisha. Hiyo simu ndiyo gereji yangu.” Na simu ikakatika, au aliikata, sijui.

Naona mmeshaanza kunong'onezana. Wewe unayesema Ambakisye kwa sababu ya mkono, kumbuka kidonda kitapona, na mzee Mgaya hatapona kuzeeka. Wewe unayesema Mgaya kwa huruma, nyota si sadaka. Unayesema Evaristo kwa sababu alivunja gari lake, wenzake nao walivunja vya kwao, ila vya kwao havina magurudumu. Na msiniambie wapige kura ya kuokota vikaratasi. Kura ni kumsukumia Mungu kazi uliyopewa wewe. Niliposimulia haya kwenye harusi moja, mume na mke waliondoka hawasemeshani, mmoja yuko upande wa sikio, mwingine upande wa puli, na mama mkwe nyuma yao anatetea mkono.

Tena fikirini na hili. Noah ni ileile ya zamani, na barabara ni ileile. Siku itakapoharibika tena, Atupele atafungua simu yake, na wawili kati ya hawa hawatakuwemo.

Basi mwoneni pale alipo. Kidole kiko juu ya kioo. Ambakisye ameupa mgongo mlango wa gari ili asionekane anatazama. Na nyuma ya Atupele, maboksi yote yamenyamaza. Anataka kugeuka akafungue, aone ni kunyamaza kupi, lakini akigeuka saa itampita.

Haya, geuzeni simu zenu sasa. Kidole ni chako wewe unayenisikiliza, na vifaranga wako kimya. Unabonyeza jina la nani?