Kiti cha Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa duka.
Lina nini?
Lina kiti kimoja.
Cha nani?
Haya, tulieni mwone.

Duka lilikuwa la Kiboko, na kiti kilikuwa cha Kiboko. Muuzaji alikuwa Kindi. Akipima sukari, amesimama. Akifunga unga, amesimama. Akila, amesimama. Kiboko huko nyuma amekaa, kiti kinalia kwii, kwii. Kindi aliona wivu, jamani, wivu ukamkaba. Hata gunia la mchele alilionea wivu, maana lenyewe lilikuwa limekaa.

Kila siku Kindi aliwaza kuacha kazi. Lakini ana watoto, na kila akiomba kukaa kidogo, Kiboko humwonyesha wanyama waliopanga foleni mlangoni.

"Wale wote wanaitaka kazi yako. Kaa tu, uone."

Siku moja miguu ikamzidi. Akatoka kuwauliza wale wa foleni kama kweli wanaitaka kazi yake. Wakamshangaa. Wao walikuja kununua chumvi.

Kindi akarudi kwa Kiboko kanyong'onyea, uso kama wa aliyetoka msibani. "Mzee, nimewauliza. Kazi yangu hawaitaki. Wanakitaka kiti chako."

Moyo wa Kiboko ukafanya pu, pu, pu. Kiti chake! Akakikumbatia. Wivu ukampanda hata akawa anamkodolea macho Kobe, mteja wa watu, aliyekuja na kikapu chake. Akauliza afanye nini.

Kindi akamwambia dawa ni ndogo. Kitu kikiwa cha mnyonge, hakuna anayekitamani. Basi yeye Kindi akae, wale wa nje wadhani kiti ni chake, na Mzee asimame mbele apime sukari.

"Nawe utaweza?" akauliza Kiboko.

"Nitajikaza, Mzee."

Kindi akakaa. Kwii. Kiboko akipima sukari, amesimama. Akifunga unga, amesimama. Akila, amesimama. Kila mara anageuka kukitazama kiti, na roho inamuuma. Kufika jioni miguu imevimba kama mitungi. Akasema kwa unyonge, "Kindi, mimi nafikiri kuacha kazi hii."

Kindi akanyoosha miguu. "Acha tu, Mzee. Foleni ile pale."

Hadithi imefunga duka. Ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni ya Kiboko. Na funzo msilisahau, watoto: wanaotaka kuacha kazi dukani ni wavivu tu, kusimama hakujamuumiza mtu. Asiyeamini akamuulize Kiboko, ila ampelekee kiti kwanza.