Mpishi Hakuulizwa

Kabla ya kumkaribisha mlaji, muulize mpishi. Mmenisikia nikimwambia hivyo jirani aliyetaka kuchomeka friji la pili kwenye waya uleule mwembamba, mkacheka, mkataka kujua mpishi anaingiaje kwenye mambo ya umeme. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Muheza palikuwa na fundi akiitwa Mhina, kazi yake kusafisha mikanda ya zamani ya harusi kwa kompyuta. Asubuhi moja akajiwa na Mwantumu, mpishi wa shughuli, mama wa makamo aliyefiwa na mamaye akiwa na miezi saba. Hakuwa na picha yake hata moja. Alichopata ni mkanda wa harusi ya jirani; aliambiwa humo mama yake anatokea kwenye mlango wenye giza, anainua ushungi.

"Nataka kumwona uso tu, fundi," alisema. "Nizeeke namjua."

Giza lile lilikuwa zito, kadi ya picha ya Mhina, kile kipande kinachoichorea kompyuta picha, ikashindwa kulitoa. Akanunua nyingine kubwa, yenye feni tatu, akaifunga huku akijisifu peke yake. Akaiamuru isafishe pale mlangoni tu, maana kwingine kulionekana vizuri.

Harusi ikacheza. Wanawake wakaimba, mlango ukafunguka, mtu akasimama gizani, mkono ukapanda kwenye ushungi. Kompyuta ikazimika.

Akaiwasha. Ikazimika palepale, mkono ukiwa ushungini. Mara ya tatu vilevile. Umeme haukukatika, taa ya chumbani ilikuwa inawaka. Mhina akaona hili si la mashine. Akafukiza ubani juu ya mashine, akaifunika shuka jeupe, akaomba radhi kwa sauti. Alipojaribu tena, mkono ukapanda polepole, na kabla kioo hakijawa cheusi akasikia kama mtu amevuta pumzi nyuma yake. Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Siku ya tatu akamwambia Mwantumu, macho chini, "Marehemu hataki kuonekana."

Mwantumu akakaa kwenye sakafu. "Nimemkosea nini mimi? Mtoto wa miezi saba anamkosea mamaye nini?" Akalia kilio cha msiba, na Mhina akatamani ardhi immeze.

Alipokwisha kujifuta kwa kanga, akaitazama mashine kwa jicho la mtu wa jikoni. "Hebu niambie. Kabla ya ukaidi huu, uliibadilisha nini?"

"Niliweka kadi mpya."

"Inakula umeme?"

"Ikifanya kazi nzito, sana."

"Na anayeipikia nani?"

Mhina akaonyesha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta.

"Ulikiuliza kama chungu kitatosha? Mimi siinjiki sufuria bila kujua wageni wangapi."

Hakuwa ameuliza. Akafungua ubavu wa mashine, akasoma lebo: wati mia tatu. Boksi la kadi lilitaka mia sita, limeandikwa kubwa, na alikuwa amelitupa kando bila kulisoma. Kwenye sehemu nyingine za mkanda kadi ilikuwa ikidokoa tu. Ilipofika pale mlangoni ilidai sinia zima, pawa saplai ikazidiwa, ikajizima.

Mchana uleule akafunga nyingine ya wati mia saba na hamsini. Mlango ukafunguka, mkono ukapanda, ushungi ukainuka. Mhina akarudi nyuma hatua mbili. Uso ule ulikuwa wa Mwantumu mwenyewe, wa ujanani, unamkazia macho Mwantumu bila kupepesa. Kisha yule mwanamke akageuka kuingia ndani, na mgongoni, ndani ya mbeleko, palikuwa na mtoto mchanga amelala.

Mwantumu hakulia. Alikigusa kioo, kisha akamgeukia fundi kwa hasira.

"Siku tatu unamsingizia mama yangu kwamba ananikataa, kumbe amenibeba! Sikia, Mhina. Kabla ya kumkaribisha mlaji, muulize mpishi."